Michirizi ya Ngozi na Mafuta ya Sokoni

Yako mambo ambayo watu huyasema kwa kunong'ona tu, na kwa kuwa hayasemwi waziwazi, uwongo hupata nafasi ya kukaa kando ya ukweli bila mtu kuutambua. Moja la mambo hayo ni michirizi ya ngozi, yaani ile mistari inayoonekana tumboni, mapajani, kiunoni, kifuani na juu ya mikono. Hapa Kisangani wengi huiita kwa neno la Kifaransa, verjetiri. Akina mama huifunika kwa kitenge, wasichana huificha hata kwa dada zao, na wavulana huichekea. Sisi tunaofundisha watoto katika mtaa wa Kapalata tumeona kwamba kunong'ona huku kunaleta hasara mbili: kunaharibu jina la wasichana wasio na kosa, tena kunawapeleka wanawake kwa wauzaji wa mafuta yanayodhuru. Kwa hiyo yafaa tuliseme jambo hili kwa sauti ya kawaida, na kwa adabu, kama linavyostahili kusemwa mbele ya wazazi na watoto.

Tuanze na habari ya mtoto mmoja. Jina lake hatulitaji. Alikuwa mwanafunzi wetu, msichana wa miaka 13, mwepesi wa hesabu na mwenye mwandiko mzuri. Katika muda wa mwaka mmoja alirefuka kama mwanzi, hata akampita mama yake kwa kimo. Halafu tukaona ameanza kubadilika. Saa ya michezo aliomba ruhusa akae kando. Jua likiwa kali, yeye alivaa sweta. Siku za kwenda mtoni kufua alisingizia kuumwa kichwa. Mwishowe hakuja shule wiki mbili nzima, nasi tukamwita mama yake.

Mama huyo alikuja jioni, akaketi, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto ameniaibisha. Wanawake waliokuwa mtoni wameyaona mapaja yake. Wanasema alibeba mimba akaitoa kwa siri. Nimemwuliza usiku, fimbo mkononi, naye analia tu, hasemi neno."

Sisi hatukusomea uganga. Tulimshauri ampeleke binti yake kwa mkunga wa kituo cha afya, mwanamke mzee aliyewapokea duniani wengi wa wanafunzi wetu. Mama akaomba tuwasindikize, kwa maana aliogopa kupita njiani peke yake na mtoto huyo mbele ya macho ya majirani. Mkunga alimwingiza msichana chumbani, nasi tukangoja nje barazani. Alipotoka hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Mama, unaye mtoto wa kiume?"

"Ninaye, ana miaka 16."

"Basi kesho akivua shati kwa kuoga, utazame mgongo wake, hapa chini, juu ya kiuno. Kisha uje uniambie yeye naye alitoa mimba gani."

Kesho yake mama alirudi huku akicheka na kulia pamoja. Mgongo wa kijana ulikuwa na mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi. Hakuna aliyemsema kijana huyo mtoni.

Habari hiyo ilitukumbusha miaka yetu ya seminari ndogo. Tulikuwa na mwenzetu aliyeingia mfupi, na baada ya likizo moja akarudi mrefu kuliko sisi sote. Tulipokwenda kuoga tuliiona mistari mgongoni mwake, tukasema baba yake amemchapa kwa fimbo ya mwitu, tukampa jina la mzaha. Mzaha huo ulidumu muhula mmoja, ukaisha. Tabia yake haikuhojiwa na mtu yeyote. Tazameni basi: mistari ile ile ya ngozi, kwa mvulana yaleta kicheko, na kwa msichana yaleta hukumu. Hapo pana udhalimu, na udhalimu huo watoka katika kutojua.

NGOZI IMEFUMWAJE?

Kila mtu wa Kisangani ameiona mitego ya Wagenya katika maporomoko ya mto, yale matenga makubwa yaliyofumwa kwa fito na kufungwa kwa kamba za mwituni. Ngozi ya binadamu nayo imefumwa. Juu kuna tabaka nyembamba, ambayo ndiyo tunayoiona na kuigusa. Chini yake kuna tabaka nene yenye nyuzi nyingi zilizopishana. Nyuzi za namna moja huitwa kolajeni, nazo huipa ngozi nguvu. Nyuzi za namna nyingine huitwa elastini, nazo huiwezesha ngozi kuvutika na kurudi mahali pake.

Tenga likijazwa polepole, fito zake hujipanga na kustahimili. Likijazwa kwa ghafula kupita kiasi, fito huachana na kuvunjika, hata kama tenga lenyewe halikupasuka. Ndivyo ilivyo kwa ngozi. Mwili ukikua kwa haraka kuliko nyuzi zinavyoweza kufuata, nyuzi za chini huachana, lakini tabaka ya juu hubaki nzima. Kwa hiyo hapana damu wala kidonda. Kuna kovu la ndani tu, ambalo huonekana kwa juu kama mstari.

Lakini kuvutika si sababu ya pekee. Katika damu yetu kuna maji ya tezi, ambayo wataalamu huyaita homoni. Kuna tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na mojawapo ya homoni zake huzipunguzia nguvu chembe zinazotengeneza nyuzi za ngozi. Wakati wa mimba na wakati wa kubalehe homoni hubadilika, na ngozi huwa dhaifu katika saa ile ile ambayo mwili unaivuta. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia tutakapofika sokoni.

Michirizi ikiwa mipya huwa na rangi ya wekundu, zambarau au kahawia nzito, na huenda ikawasha kidogo. Baada ya miezi au miaka hupoa, hunywea na kupauka. Katika ngozi yetu nyeusi hutokea pia kwamba mistari hubaki myeusi kuliko ngozi iliyo kando yake. Hayo yote ni mwendo wa kovu kuzeeka, wala si ugonjwa unaoambukiza, wala si dalili ya damu chafu kama wasemavyo wengine.

NANI HUIPATA?

Kwanza ni akina mama wenye mimba. Wataalamu husema kwamba katika wanawake 100 wanaobeba mimba, kati ya 50 na 90 hupata michirizi, hasa baada ya mwezi wa 6 tumbo linapokuwa kubwa. Mama kijana huipata kwa urahisi kuliko mama aliyekomaa, na binti ambaye mama yake aliipata naye huwa karibu kuipata. Katika jambo hili urithi una nguvu kuliko uvivu au bidii ya mtu.

Pili ni vijana wanaobalehe. Wasichana huipata mapajani, nyongani na kifuani. Wavulana huipata mgongoni, mapajani na mabegani. Tatu ni watu walionenepa kwa muda mfupi, na wale wanaokuza misuli kwa haraka kwa mazoezi mazito. Nne ni wagonjwa wachache ambao tezi zao za juu ya figo hutoa homoni kupita kiasi. Daktari Mmarekani Harvey Cushing alieleza ugonjwa huo mwanzoni mwa karne ya 20, nao huitwa kwa jina lake. Hao huwa na michirizi mipana ya zambarau, uso wa mviringo, tumbo kubwa na mikono na miguu dhaifu. Tano ni watu wanaotumia kwa muda mrefu dawa zinazofanana na homoni hiyo.

Basi, msomaji, tafuta katika orodha hiyo mahali palipoandikwa kwamba msichana mwenye michirizi amefanya dhambi. Hapapo. Michirizi haisemi kama mtu amebeba mimba au hakubeba. Atakayetaka kumhukumu binti kwa mistari ya mapaja yake, na amhukumu pia kwa urefu wa kimo chake, kwa maana vyote viwili vimetoka katika chanzo kimoja.

MAFUTA YA SOKONI

Sasa turudi kwa yule mtoto, kwa sababu habari yake haikuishia kwenye mgongo wa kaka yake. Mkunga alikuwa ameona jambo la pili. Alimwambia mama, "Mistari ya kukua huwa myembamba. Hii ya binti yako ni mipana kama kidole changu kidogo, na ngozi yake imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Anajipaka nini?" Mama akasema hajipaki kitu. Ndipo msichana akatoa katika mfuko wake kijikopo kilichofungwa katika gazeti. Mama yake mdogo alikuwa amemhurumia, akamnunulia sokoni. Mwuzaji alikuwa ameapa kwamba mafuta hayo hufuta mistari yote kwa wiki tatu. Mtoto alijipaka asubuhi na jioni kwa miezi minne. Kila mistari ilipopanuka, aliongeza kipimo.

Mkunga alisoma maandishi madogo ya kopo, akaonyesha kwa kidole neno moja: klobetasoli. Ni jina la dawa ya jamii ya kotizoni, na katika dawa hizo za kupaka ni mojawapo iliyo kali kuliko zote.

Hapa yafaa tueleze kotizoni ni nini, ili mtu asidhani kwamba tunaisema vibaya dawa njema. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea alidungwa dawa hiyo, na baada ya siku chache akatembea. Madaktari walistaajabu. Mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Muda si mrefu ikapatikana dawa ya kupaka ya jamii hiyo kwa magonjwa ya ngozi, na baadaye nyingine zenye nguvu zaidi, kama hiyo klobetasoli. Katika mkono wa daktari dawa hizi huponya ukurutu na magonjwa mengine mengi ya ngozi. Hupakwa mahali padogo, kwa siku zilizohesabiwa.

Lakini dawa hizi zina tabia nyingine. Hupausha ngozi. Wafanyabiashara waliona hilo, wakazitia katika mafuta ya kujichubua, na mwanamke hujipaka mwili mzima, kila siku, kwa miaka. Sasa kumbukeni ile homoni ya tezi za juu ya figo, inayozipunguzia nguvu chembe za kutengeneza nyuzi. Kotizoni ni ndugu yake. Mwenye kujipaka kotizoni kali kila siku anaifanya ngozi yake isifume nyuzi mpya. Ngozi hunywea, nyuzi huachana hata bila kuvutwa sana, na michirizi hutokea, mipana na mirefu, kwenye mapaja, mikono, kwapa na tumbo. Kwa maneno mengine, mafuta yale yanayouzwa ili kufuta michirizi huweza kuwa ndiyo yanayoichora. Naye aliyechorwa hurudi kwa mwuzaji yule yule kununua kopo la pili.

Si ngozi tu inayoumia. Dawa nyingi ikipita katika ngozi na kuingia katika damu huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Vidonda huchelewa kupona. Mwanamke aliyejichubua miaka mingi akihitaji kupasuliwa wakati wa kuzaa, daktari hupata taabu kuishona ngozi yake, na mshono hupona kwa shida. Haya twayaandika kwa akina baba pia, maana wako wanaowasifu wake zao kwa weupe wa uso bila kuuliza weupe huo umenunuliwa wapi.

Kuna na sumu nyingine katika makopo hayo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi ikawa ya samawati iliyochanganyika na weusi, na alama hiyo ni ngumu kuondoka. Zebaki hudhuru figo, nayo hupita kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Afrika ya Kusini ilikataza haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka 2001. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliotiwa sahihi huko Japani mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza katika nchi nyingine mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Mwaka 2019 Bunge la Afrika ya Mashariki lilizitaka nchi wanachama zikataze vipodozi vyenye haidrokwinoni. Nchi yetu ya Kongo imeingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Hata hivyo sheria ni jambo moja, na meza ya sokoni ni jambo jingine. Bidhaa hutufikia kwa mashua kutoka Kinshasa na kwa barabara za mashariki, na kopo halina kinywa cha kukiri yaliyomo ndani yake. Makopo mengine hayaandiki kabisa kilichotiwa humo.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta yanayotembezwa barabarani kwa kiapo cha wiki tatu, yaacheni yaendelee na safari yake.

NINI CHAFAA BASI?

Mama mmoja wa jirani, mwenye mimba ya kwanza, alitusomea habari hii kabla hatujaileta gazetini, akauliza, "Mwalimu, umetukataza mengi. Sasa unatupa nini?" Swali lake ni la haki, nasi tutalijibu bila kuahidi yasiyokuwapo.

Hakuna dawa inayoiondoa michirizi ikawa kana kwamba haikuwako. Nyuzi zilizoachana hazirudi kama zamani. Lakini ipo tabibu isiyodai fedha, nayo ni muda. Michirizi mingi ya mimba na ya ujana hufifia yenyewe, kwa miezi na miaka, hata mwenyewe huisahau.

Watu husifu siagi ya kakao, mafuta ya zeituni, na huku kwetu mafuta ya mawese na ya mise. Majaribio yamefanywa kwa uangalifu. Huko Lebanoni, katika mwaka 2008, ilitangazwa habari ya wanawake 175 waliojaribiwa kwa siagi ya kakao. Huko Jamaika, mwaka 2010, wanawake 300. Sehemu yao walijipaka siagi ya kakao, na wengine mafuta yaliyofanana nayo bila kakao. Mwishoni michirizi haikuwa na tofauti. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 6 yenye wanawake 800, nao hawakupata ushahidi kwamba mafuta yoyote ya kupaka huzuia michirizi ya mimba. Je, tuyatupe mafuta yetu? Hapana. Mafuta safi hulainisha ngozi, hupunguza mwasho, na kukanda tumbo taratibu humburudisha mama. Jipake kwa sababu hiyo, na kwa bei ya mafuta ya kawaida. Ila usimlipe mtu fedha nyingi kwa ahadi ya kuzuia.

Michirizi ikiwa ingali mipya na yenye rangi, kuna dawa ya jamii ya vitamini A, iitwayo tretinoini, ambayo huweza kuipunguza kwa kiasi kwa watu wengine baada ya miezi kadhaa. Dawa hiyo hutolewa na daktari, huwasha ngozi, na haifai kabisa kwa mwenye mimba. Katika miji mikubwa ya dunia wako madaktari wanaotumia mwali wa leza au sindano ndogondogo. Kazi hiyo ni ya gharama kubwa, hupunguza bila kufuta, na katika ngozi nyeusi huweza kuacha madoa meusi ikifanywa na mkono usio na ujuzi. Mtu asiuze shamba kwa ajili yake.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mama mwenye mimba ale vema, asile kwa kushindana. Samaki wa mto, maharagwe, sombe, mayai na matunda, pamoja na lituma, hujenga mwili wake na wa mtoto bila kuuvimbisha kwa haraka. Kijana anayekua asinyimwe chakula eti asirefuke. Kukua ni haki yake, na mistari michache ni bei ndogo.

Yako pia mambo yanayotaka daktari, tena upesi. Mwenye mimba akiwashwa sana, hasa viganjani na nyayoni, asiseme ni michirizi tu. Aende kituo cha afya, maana huenda ini limepata taabu, na mtoto aliye tumboni yu hatarini. Mtu yeyote akipata michirizi mipana ya zambarau bila mimba wala kukua, na huku uso umekuwa wa mviringo na nguvu zimepungua, apimwe. Naye aliyejipaka mafuta makali kwa muda mrefu asiache ghafula bila shauri, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka na kuvimba, na mwili wenyewe huweza kulegea kwa kukosa homoni yake. Achukue kopo lake, aende nalo kwa daktari bila kuona haya, aonyeshwe namna ya kupunguza. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Vilevile aliyepewa dawa ya kotizoni na daktari kwa ugonjwa wa kweli asiitupe kwa sababu ya maneno yetu haya. Aitumie kama alivyoamriwa.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Mwanafunzi wetu alirudi shuleni. Daktari alimwachisha yale mafuta kidogo kidogo. Mistari ya kukua imeanza kufifia. Ile mipana, iliyotoka katika kopo, ingalipo, na huenda ataishi nayo. Mama yake alikwenda mtoni siku ya kufua, akawakuta wanawake wale wale, akawaeleza neno kwa neno aliyoyasikia kwa mkunga, na habari ya mgongo wa mwanawe wa kiume hakuiacha. Wengine walicheka, mmoja akaomba radhi, na mmoja akanyamaza, kisha usiku akaja nyumbani kwao, kopo kama lile mkononi, kuuliza afanye nini.

Tangu hapo tumeweka desturi katika darasa letu. Tukifika somo la mwili wa binadamu, twaeleza habari za ngozi kwa wavulana na wasichana pamoja, kwa maneno safi, bila kicheko. Twawaambia wavulana watazame migongo yao kabla ya kuyatazama mapaja ya dada zao. Mkunga huja siku moja akazungumza na wasichana peke yao, na wasichana humwuliza yale wasiyoweza kutuuliza sisi. Tumeona kwamba mtoto aliyeambiwa mapema hashituki siku mistari inapotokea, wala hamtafuti mwuzaji.

Akina baba, nanyi mna neno lenu. Mke aliyekuzalia watoto watano hana haja ya kuzima taa ili asionekane tumbo lake. Akikuuliza kama mistari ile inakuchukiza, mjibu vema, na umjibu upesi, kwa sababu akichelewa kupata jibu kwako atalitafuta sokoni. Nanyi akina mama, binti yenu akianza kuvaa sweta katika jua, mwiteni kando, mwulizeni kwa upole, na fimbo ibaki mahali pake.